Safu inayokosekana kwenye daftari la dawa: barua ya wazi kwa wanaosimamia afya na dawa

Waheshimiwa mawaziri wa afya, wakuu wa mamlaka za dawa, wajumbe wa mabaraza ya wafamasia, na ninyi nyote mnaosimamia udhibiti wa dawa za kulevya,

Mimi ni mfamasia. Kazi yangu ni kusimama kaunta na kutoa dawa. Ninayotaka kuwaambia yanaanza na uongo niliousema mwenyewe jioni moja, zikiwa zimebaki dakika chache tufunge.

Aliingia kijana wa miaka thelathini hivi, akakaa pembeni mpaka wateja wengine wakaisha, ndipo akasogea. Akanipa cheti cha daktari kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa cha buprenofini iliyochanganywa na naloksoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, vidonge vya kuweka chini ya ulimi, vya siku saba. Sahihi ipo, muhuri upo, tarehe ya siku ile ile. Alikuwa akipiga miayo mfululizo. Pua ilikuwa inamtiririka, na vinyweleo vya mikono vilikuwa vimesimama kama vya mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, ingawa dukani kulikuwa na joto. Hatua mbili nyuma yangu, ndani ya kabati lenye kufuli, dawa ilikuwepo. Pakiti mbili.

Nikamwambia, "Dawa hiyo hatuna, kaka."

Akauliza itakuja lini. Nikasema sijui. Hakubishana nami. Alichukua cheti chake, akakikunja upya akifuata mikunjo ile ile, akasema, "Asante, dada," akatoka. Msaidizi wangu akanong'ona, "Teja huyo." Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa ni kukubali.

Kilichonikosesha usingizi baadaye ni kitu ambacho mtu wa taaluma yangu alipaswa kukijua pale pale. Buprenofini haianzwi mtu akiwa bado na heroini mwilini. Ukiianza mapema, inaisukuma heroini kutoka kwenye vipokezi vya ubongo kwa ghafla, na mgonjwa anaingia kwenye arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa dawa, kali kuliko ile aliyokuwa anaikimbia. Kwa hiyo daktari humwambia avumilie, asubiri saa kumi na mbili au zaidi tangu alipotumia mara ya mwisho, mpaka arosto ianze yenyewe: miayo, kamasi, vinyweleo kusimama, jasho, tumbo kukoroga, mifupa kuuma. Akifika hapo ndipo aweke kidonge chini ya ulimi. Kijana yule alikuwa ametii. Alikuja kwangu akiwa katika saa ile ile aliyoelekezwa, na dalili zote nilizoziona zilikuwa ushahidi kwamba amefuata maelekezo ya daktari kama mgonjwa mwema. Mimi nikazisoma kama dalili za kihuni. Nilipomwambia hatuna, nilimwacha na njia moja tu ya kutuliza arosto usiku ule, na njia hiyo haihitaji cheti.

Sikumwona tena.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilidanganya, na ninawaandikia kwa sababu majibu yote niliyoyapata yanarudi mezani kwenu. Niliogopa ukaguzi. Dawa hizi zimo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, zina daftari lake, na kidonge kimoja kikikosekana kwenye hesabu naweza kuwekwa kitimoto wiki nzima. Niliogopa msambazaji wangu pia, kwa sababu oda ikipanda kidogo ananipigia simu kuuliza kulikoni, na nilishawahi kusikia wenzangu waliopunguziwa mgawo wa dawa zote za aina hiyo, hata morfini ya wagonjwa wa saratani. Niliogopa wateja wangu wengine. Na juu ya yote hayo, sikujua. Chuoni tulifundishwa uraibu kwa saa chache, na sehemu kubwa ya saa hizo ilikuwa juu ya namna ya kutambua cheti bandia. Hakuna aliyetufundisha namna ya kumpokea mtu mwenye cheti halali.

Mfamasia akiwa na hofu hizo zote, kusema "hatuna" ndiyo njia rahisi kuliko zote. Haimgharimu chochote. Daftari langu la dawa zinazodhibitiwa lina safu ya tarehe, ya jina la mgonjwa, ya jina la daktari, ya idadi iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki. Mkaguzi akija anahesabu vidonge na kulinganisha na safu hizo. Jioni ile hesabu yangu ilikuwa safi kabisa. Daftari halina safu ya mtu aliyerudishwa.

Naomba mnivumilie nieleze dawa zenyewe, kwa sababu najua wengi kati yenu bado mnaambiwa kwamba tiba hii ni kumtoa mtu kwenye unga mmoja na kumtia kwenye mwingine. Na mimi niliwahi kuamini hivyo.

Heroini hupanda haraka na kushuka haraka. Ndani ya saa chache mtu anarudi chini, arosto inamgonga, anaanza kutafuta tena. Siku yake nzima inaliwa na kutafuta. Methadoni, ambayo ilitengenezwa Ujerumani miishoni mwa miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu, inakaa mwilini muda mrefu. Dozi moja ya kunywa hushika siku nzima na zaidi, na mtu aliyefikia dozi inayomfaa hapandi wala hashuki. Vincent Dole na Marie Nyswander, pamoja na Mary Jeanne Kreek, ndio walioonyesha hilo New York kuanzia mwaka 1964: watu waliokuwa wakizunguka kutwa kutafuta sindano walianza kuzungumzia shule, kazi na familia. Buprenofini ni tofauti kidogo. Inashika kipokezi kwa nguvu lakini inakiamsha nusu tu, hivyo ikifika kiwango fulani haiongezi tena kuzuia pumzi. Ndiyo maana ni salama zaidi kukaa kwenye droo ya nyumbani. Naloksoni iliyochanganywa humo, ambayo huizuia heroini na dawa za jamii yake, haifanyi kazi ya maana ukiiweka chini ya ulimi, ila ukisaga kidonge ukajichoma, inakuharibia starehe. Shirika la Afya Duniani liliziingiza methadoni na buprenofini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005, orodha ile ile yenye dawa za malaria na insulini.

Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini kila siku hatumwiti mraibu wa insulini.

Ila kuna jambo moja kuhusu dawa hizi ambalo nawaomba mlishike, maana ndilo linaloifanya kaunta yangu kuwa suala la kufa na kupona. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti zilizofuatilia watu zaidi ya 122,000 waliotibiwa kwa methadoni na karibu 16,000 waliotibiwa kwa buprenofini. Kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, walikufa kama 11 walipokuwa ndani ya tiba ya methadoni, na 36 walipokuwa nje yake. Kwa buprenofini ni 4 ndani na zaidi ya 9 nje. Watafiti hao hao waliona kwamba wiki nne za mwanzo baada ya kutoka kwenye tiba ni za hatari sana. Sababu yake inaeleweka. Mtu aliyekuwa kwenye dawa akakosa siku kadhaa, mwili wake unasahau upesi uzoefu wa afyuni, yaani heroini na dawa za jamii yake, lakini mkono wake unakumbuka kipimo cha zamani. Anachoma kile alichokuwa anachoma mwaka jana, na pumzi inakata. Siku hizi, fentanili, dawa ya maumivu yenye nguvu kuliko heroini, inapochanganywa kwenye unga bila muuzaji wala mnunuzi kujua, hata kipimo kidogo hakina uhakika.

Kwa hiyo mnapopanga dawa hizi zipatikane wapi, saa ngapi, kwa umbali gani, mnaamua pia ni watu wangapi watakuwa nje ya tiba siku yoyote ile.

Baada ya jioni ile niliomba nafasi ya kujifunza kwenye kliniki inayotoa methadoni. Nilikaa mwezi mzima. Nataka mwone nilichokiona dirishani.

Mgonjwa anafika, anataja jina na namba yake. Muuguzi anamwangalia machoni kuona kama amelewa au anasinzia, anabonyeza pampu, dawa inashuka kwenye kikombe kidogo cha plastiki, inaongezwa maji. Mgonjwa anakunywa hapo hapo. Kisha anatiwa maji kidogo kwenye kikombe kile kile, anakisuuza, anayanywa nayo. Halafu anaambiwa aseme kitu, chochote, ili ijulikane hajaificha mdomoni. Wengi husema "asante". Mama mmoja, mwenye umri wa kuwa dada yangu mkubwa, alikuwa anasema jina la mwanawe kila siku. Shughuli yote haifiki dakika mbili.

Mama huyo alikuwa anatumia saa tatu kuzifikia dakika hizo mbili na nyingine tatu kurudi. Kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Alikuwa ameacha unga kwa miezi minane, vipimo vyake vyote safi. Akapata kazi ya kufua na kupiga pasi kwenye nyumba ya watu, akaambiwa aanze saa moja asubuhi. Dirisha la kliniki lilikuwa linafunguliwa saa moja asubuhi. Alimwomba mwajiri aanze mchana, akaulizwa kwa nini, hakuweza kusema. Siku ya kwanza aliikosa dozi, akafanya kazi. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya nne aliporudi kliniki, kwa usahihi kabisa wa kitabibu, dozi yake ikashushwa, maana aliyekosa siku tatu au zaidi hapewi dozi yake kamili kwa mara moja, anaweza kufa. Akaanza kupandishwa upya polepole, akiwa na arosto ya jioni na bila kazi.

Hakuna aliyemkosea mama yule pale kliniki. Muuguzi alikuwa mpole, daktari alifuata mwongozo. Tatizo ni kwamba tumeitenga dawa inayohitajika kila siku, kwa miaka, tukaiweka mahali pamoja panapofunguliwa saa chache, halafu tunapima nidhamu ya mgonjwa kwa uwezo wake wa kupafikia. Kati ya nyumba yake na kliniki ile alikuwa anapita mbele ya maduka ya dawa yasiyopungua sita, yote yana mfamasia, yote yana kabati lenye kufuli.

Wapo waliothubutu kulifungua kabati hilo, na wana miaka mingi ya kuonyesha matokeo.

Ufaransa, katikati ya miaka ya 1990, ilikuwa na watu wengi wa heroini na vituo vichache. Ikaamua kwamba daktari yeyote wa kawaida anaweza kuandika buprenofini, bila kibali cha ziada, na duka la dawa la mtaani litaitoa. Kati ya mwaka 1995 na 1999 vifo vya kuzidisha heroini vilipungua kwa karibu asilimia 80. Kuna kitu kidogo katika utaratibu wao ambacho mimi, kama mtu wa kaunta, kinanigusa kuliko takwimu: daktari huandika kwenye cheti jina la duka la dawa ambalo mgonjwa amelichagua mwenyewe. Mgonjwa haendi kubahatisha. Daktari na mfamasia wanajuana, na cheti kinapofika kinakuwa kinatarajiwa. Methadoni nayo huanzishwa kwenye kituo maalumu au hospitalini, na mgonjwa akishatulia anahamishiwa kwa daktari wa kawaida na duka la karibu naye.

Uingereza, kunywa methadoni mbele ya mfamasia wa mtaani ni jambo la kawaida tangu miaka ya 1990. Kanada hali kadhalika. Australia walikuwa na tatizo jingine: dawa yenyewe ilikuwa imegharimiwa na serikali, lakini mgonjwa alilazimika kulipa duka ada ya kupewa dozi kila siku, na walioshindwa ada waliacha tiba. Tarehe 1 Julai 2023 wakabadilisha, mgonjwa akawa anachangia kama anavyochangia dawa nyingine yoyote, na duka likalipwa na mpango wa taifa kwa kazi yake.

Marekani ndiko ninakotaka mkuangalie kwa makini zaidi, kwa sababu imejaribu njia ya hofu kwa miaka hamsini. Kanuni za miaka ya 1970 ziliifungia methadoni ya uraibu ndani ya kliniki maalumu, na mpaka leo duka la dawa linaweza kutoa methadoni ile ile kwa mtu mwenye maumivu ya mgongo, lakini kwa kawaida haliruhusiwi kuitoa kwa cheti cha kutibu uraibu. Buprenofini ilipoidhinishwa mwaka 2002, daktari alitakiwa kuwa na kibali maalumu na mwanzoni hakuruhusiwa kutibu zaidi ya wagonjwa 30. Kibali hicho kiliondolewa mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya nchi kupoteza zaidi ya watu laki moja kwa mwaka kwa kuzidisha dawa za kulevya. Na hata baada ya mlango wa daktari kufunguliwa, wagonjwa wengi wanaishia kwenye kaunta kama yangu, wanaambiwa hatuna, kwa sababu mifumo ya kufuatilia oda zenye shaka inaihesabu buprenofini pamoja na dawa za maumivu zilizoleta janga lenyewe. Kinga imewekwa kwenye fungu moja na ugonjwa.

Huko huko Marekani, kwenye jimbo la Rhode Island, wafamasia waliofundishwa waliruhusiwa kumpokea mgonjwa, kumwanzishia buprenofini na kumfuatilia dukani, kwa makubaliano na daktari. Matokeo yalichapishwa Januari 2023 katika New England Journal of Medicine. Wagonjwa 58 waliokwisha kutulia waligawanywa kwa bahati nasibu: 28 waendelee kuhudumiwa dukani, 30 waende kwenye kliniki kama ilivyozoeleka. Baada ya mwezi mmoja, wa dukani waliobaki kwenye tiba walikuwa 25. Wa kliniki walikuwa 5. Ni utafiti mdogo, naukubali udogo wake. Ila mimi nikisoma tofauti kati ya 25 na 5 naona watu, maana dawa ni ile ile na ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali pa kwenda.

Na mkitaka kuona upande wa pili, Crimea ilipochukuliwa na Urusi mwaka 2014, tiba hii ilipigwa marufuku kwa kufuata sheria za Urusi. Wagonjwa wapatao 800 wakakatiwa dawa katika muda wa wiki chache. Mapema mwaka uliofuata Michel Kazatchkine, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya UKIMWI katika eneo hilo, alisema kati ya 80 na 100 walikuwa wameshafariki. Huhitaji marufuku ya serikali kumkatia mtu dawa. Kaunta thelathini zikisema "hatuna" kila moja kwa siri, mgonjwa anapata marufuku ile ile.

Najua mtakachoniuliza. Dawa zikitoka kliniki, hazitaingia mitaani? Baadhi zitaingia. Ufaransa ziliingia, na wapo waliozichoma. Walijibu kwa kubana ulaghai wa vyeti na kuwafuatilia waliokuwa wakizunguka kwa madaktari wengi, duka likabaki wazi. Tafiti nyingi za wanaonunua buprenofini mitaani zinaonyesha kwamba wengi wao wanaitumia kutuliza arosto au kujitibu wenyewe, yaani wanafanya kwa kificho kile walichokikosa kwa cheti. Methadoni ni jambo zito zaidi, nami silipunguzi: dozi ya mtu mzima aliyezoea inaweza kuua mtoto, inaweza kuua mtu asiyezoea. Ndiyo maana anayepewa dozi za kwenda nazo nyumbani anahitaji kasha lenye kufuli na maelezo ya uso kwa uso. Nani amezoea kutoa maelezo hayo zaidi ya mfamasia? Kila siku natoa dawa za moyo, za kifafa, za kansa, ambazo mtoto akizimeza zinaua. Hamjanitaka nizifungie mji mzima mahali pamoja.

Mwaka 2020, UVIKO ulipofunga kila kitu, Marekani iliruhusu wagonjwa waliotulia kuchukua methadoni ya hadi siku 28 kwenda nayo nyumbani. Ilikuwa ruhusa ya dharura. Mwaka 2024 ikaandikwa kwenye kanuni za kudumu.

Sisemi kliniki zifungwe. Wapo wanaohitaji daktari na mshauri karibu kila siku, hasa wiki za mwanzo za methadoni, wakati dozi inatafutwa na hatari ya kuzidisha ni kubwa. Wapo wenye TB, VVU, homa ya ini, ambao kliniki inawahudumia yote kwa pamoja, na huko hakuna duka litakalofikia. Tanzania ilipoanzisha tiba ya methadoni Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, ilianzia kliniki na ilikuwa sahihi. Swali langu ni la mgonjwa aliye mwezi wa nane wa tiba, yule anayesema jina la mwanawe dirishani. Huyo mnampeleka wapi?

Basi nayasema ninayoyaomba, nikiyajua kutoka upande wangu wa kaunta.

Iondoeni buprenofini ya tiba ya uraibu kwenye mgawo na vikomo vya oda wanavyowekewa wasambazaji, na iandikwe waziwazi kwenye miongozo yenu kwamba duka kuongeza oda yake kwa sababu limeongeza wagonjwa ni jambo linalotarajiwa. Mkishaandika hivyo, nusu ya hofu yangu inaondoka siku hiyo hiyo. Ruhusuni methadoni ya waliotulia itolewe madukani, kwa kunywewa pale pale au kwa dozi za nyumbani, kwa uamuzi wa daktari na mfamasia wanaomjua mgonjwa. Duka likikosa dawa, lilazimike kulitafuta duka lenye dawa na kulipigia simu kabla mgonjwa hajatoka mlangoni, au kuileta ndani ya siku moja. Na pale cheti kinapoisha Ijumaa jioni na daktari hapatikani, mfamasia apewe mamlaka ya kutoa dozi za kumfikisha Jumatatu. Watu wengi wanapotea katika siku hizo mbili kuliko tunavyotaka kukiri.

Mtulipe kazi hii. Nalisema bila aibu, kwa sababu kumwangalia mtu anakunywa dawa, kuongea naye, kugundua kwamba leo macho yake si mazuri, kumpigia daktari wake, ni kazi ya kitabibu. Duka lisilolipwa litamfanyia mgonjwa haraka, au litamtoza yeye. Tupewe mafunzo ya kweli, tukikaa kliniki na kuona kama nilivyoona, si cheti cha semina ya asubuhi moja. Na naloksoni ya kuokoa aliyezidisha itolewe bila cheti, kama Marekani ilivyoruhusu mwaka 2023 na kama Australia inavyoigawa bure nchi nzima tangu 2022. Inashangaza kuwa naweza kumpa mtu afyuni ya maumivu ya mwezi mzima bila kumwekea mkononi dawa ya kumrudisha pumzi.

Kuna la faragha pia. Haligharimu sana. Kijana yule alisubiri mpaka duka likawa tupu ndipo akasogea, akiwa na arosto. Pazia, meza ya pembeni, chumba cha kupimia presha ambacho tayari maduka mengi yanacho, vingemwokolea nusu saa ya mateso na vingemwonyesha kwamba anatarajiwa. Msaidizi wangu sasa analijua hilo. Neno lile halisemwi tena dukani kwetu, na yeye mwenyewe ndiye anayewapeleka wagonjwa hao kwenye kiti na kuwauliza kama wamekunywa maji.

Lakini ombi ninalolishika kuliko yote ni la daftari. Wakaguzi wenu wanapokuja, pamoja na kuhesabu vidonge, waulize: mwezi huu wamekuja wangapi na cheti halali, na mmewarudisha wangapi, na kwa nini? Iwe safu rasmi, yenye sahihi ya mfamasia, inayokaguliwa kama safu nyingine. Mfamasia akijua kwamba kukataa kunaandikwa kama kutoa kunavyoandikwa, atafikiri mara mbili kabla ya kusema "hatuna". Nanyi mtakuwa kwa mara ya kwanza na hesabu ya watu ambao leo hawaonekani kwenye takwimu yoyote mpaka waonekane mochwari.

Mimi sikusubiri kanuni. Nimenunua daftari la kawaida la shule, nikalipiga mistari kwa rula: tarehe, dawa, sababu, alikoelekezwa, kama alifika. Jina la mgonjwa siliandiki. Mkaguzi aliyekuja mara ya mwisho aliliona juu ya kabati, akalifungua, akaniuliza ni la nini. Nikamweleza. Alisoma kurasa mbili akiwa amesimama, kisha akaniomba kiti.

Mstari wa kwanza niliuandika miezi kadhaa baada ya tukio lenyewe, kwa tarehe niliyoikumbuka. Buprenofini na naloksoni, siku saba. Alikoelekezwa: hakuelekezwa popote. Kama alifika: hakuna kitu. Kwenye safu ya sababu nilianza kuandika "dawa haikuwepo", nikakata, nikaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: niliogopa.

Wenu katika kazi,
Mfamasia wa kaunta